Mpangaji wa Mpangaji

Lugha yetu ina neno la mwenye nyumba, na ina neno la mpangaji. Dalali naye ana jina lake, na hana haja ya kulitangaza kwa sababu anajulikana kila kona ya mji. Lakini yupo mtu wa nne ambaye hatujampa jina. Huyu ni yule anayelala katika chumba alichopangishwa mtu mwingine, akamlipa huyo mwingine, asimjue mwenye nyumba wala mwenye nyumba asimjue yeye. Mambo yakiwa mazuri huitwa "mdogo wangu". Fedha zikichelewa huitwa "mpangaji wangu". Na siku mwenye nyumba anapokuja na kufuli mkononi, huitwa "mgeni tu, kesho anaondoka". Yeye mwenyewe, ukimwuliza anakaa wapi, atakujibu kwa unyenyekevu kwamba amejishikiza kwa jamaa.

Nimelifikiria sana neno hili la kujishikiza. Fundi cherehani hushikiza kitambaa kwa mkono kabla ya kukipitisha katika mashine. Uzi wa kushikizia huwa na mishono mirefu, iliyolegea, na kazi ikikamilika huvutwa ukatupwa. Nguo haimkumbuki. Basi ndivyo alivyo mtu aliyejishikiza. Ameishikilia nyumba, lakini hakushonwa humo.

Katoro ni mahali pazuri pa kujifunzia habari za watu wa namna hii. Ni mji uliokulia njiani, kwenye barabara itokayo Geita kuelekea upande wa Chato na Bukoba. Ukitembea kwa miguu kidogo tu unajikuta Buseresere, ambayo ni Wilaya ya Chato, kabla hujatambua kwamba Katoro imekwisha. Zamani tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 2012 Geita imekuwa mkoa wenyewe. Soko letu linajulikana mbali, na machimbo ya Rwamgasa na Nyarugusu hayako mbali nasi. Kwa hiyo kila siku hushuka watu kwenye magari: Msukuma kutoka Kahama, Muha kutoka Kasulu, Mhaya, Mkerewe, Mjita. Mmoja amefuata dhahabu, wa pili anawafuata waliofuata dhahabu ili awauzie mchele na mitumba, wa tatu anamfuata mume aliyeacha kutuma salamu. Kila mmoja ana begi moja, na hakuna ajuaye kama atakaa wiki moja au miaka kumi.

Mtu wa namna hiyo anataka chumba, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Tusimlaumu upesi mwenye nyumba. Nyumba nyingi za kupangisha katika miji yetu hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Zilijengwa kidogo kidogo, na kodi ya vyumba viwili vya mbele ndiyo iliyonunua bati za vyumba vya nyuma. Mwenye nyumba anapodai miezi sita, anadai mifuko ya saruji. Tatizo ni kwamba mgeni aliyeshuka garini leo hana miezi sita. Ana fedha za kula siku nne.

Hapo ndipo anapojitokeza mpangaji mkuu, yaani yule aliyewahi kupata miezi sita kwa mkupuo. Tuseme chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Amelipa 180,000, na sasa mfuko wake ni mtupu. Anawaingiza vijana wawili, kila mmoja anamlipa 20,000 kwa mwezi, na wote watatu wanalala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja na jamvi moja. Kwa mwezi anapokea 40,000 kwa chumba cha 30,000. Wapo watakaosema kwamba huyu ni mnyonyaji. Mimi sisemi hivyo moja kwa moja. Vijana wale hawakununua chumba tu, walinunua pia nafasi ya kulipa mwezi kwa mwezi, ambayo mwenye nyumba asingewapa. Ameibeba hatari yao mabegani mwake, na kila mbebaji hutaka ujira. Swali ni kama mzigo ameubeba kweli, au ataubwaga katikati ya njia.

Nitaeleza jambo moja nililolishuhudia, kwa sababu niliitwa kuwa shahidi. Katika nyumba iliyo jirani na mimi alikuwapo mpangaji, mtu wa makamo, mchangamfu, aliyekuwa amelipa kodi ya mwaka. Kabla ya mwaka kwisha alisikia fununu za dhahabu mpya upande mwingine wa mkoa, akaondoka. Chumba alimwachia kijana mmoja fundi baiskeli, akawa anapokea kodi yake kila mwezi kwa simu. Mwaka ulipokwisha, mpangaji hakurudi na simu yake haikupatikana. Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi mpya alimkuta mtu asiyemjua, akipika uji.

Mwenye nyumba alisema, "Mimi sikupangishi wewe. Simjui baba yako wala mama yako." Kijana akasema, "Mzee wangu, mimi nimelipa hadi mwezi ujao." Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Mwenye nyumba hakuwa amepokea hata senti moja kutoka kwa kijana. Kijana naye alikuwa na ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba fedha zimekwenda, isipokuwa zilikwenda kwa mtu aliyetoweka.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, nasi majirani tukaitwa. Nilidhani tutazungumzia kodi. Kumbe shauri kubwa lilikuwa vyombo. Mwenye nyumba alitaka kuzuia mali iliyomo chumbani mpaka mpangaji wake arudi amalize deni la miezi miwili ya maji na umeme. Ndani mlikuwa na kitanda, godoro, redio, meza, sanduku la spana, na baiskeli mbili za wateja. Lipi la nani? Kijana alisema godoro ni lake na kitanda ni cha yule bwana. Redio ilikuwa ya yule bwana lakini betri alinunua yeye. Sanduku la spana lilikuwa lake, ila hakuwa na karatasi ya kuthibitisha. Nilimwona mtu mzima akitetea spana zake mbele ya watu kumi na watano, akizitaja moja moja kwa namba, namba kumi, namba kumi na mbili, namba kumi na nne, kama mzazi anayetaja majina ya watoto wake. Nadhani siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mtu aliyejishikiza hakosi haki ya chumba peke yake. Chumba kikifungwa, hata kilicho chake kabisa huhesabiwa kuwa cha mwingine, kwa sababu jina lake halimo mahali popote.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa busara. Aliuliza swali moja tu kwa mwenye nyumba: "Ulikuwa hujui kabisa kwamba huyu anakaa hapa?" Mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba alikuwa akipita na kumwona akifunga baiskeli mlangoni, miezi minne. Mwenyekiti akasema basi ampe mwezi mmoja atafute pa kwenda, spana na baiskeli zitoke siku hiyo hiyo, kitanda na redio vibaki vimeandikwa kwenye daftari. Deni la yule aliyetoweka likabaki kuwa la aliyetoweka. Kijana hakulipwa fedha zake, lakini kazi yake haikufa.

Wakati ule mwenyekiti hakufungua kitabu chochote, ila alichokiamua hakikuwa mbali na sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali kwamba pango la muda mfupi, lisilozidi mwaka mmoja, laweza kufanywa hata kwa maneno ya mdomo. Pale ambapo muda haukutajwa, pango huhesabiwa kwa kipindi cha kulipia kodi, na notisi ya kulivunja isipungue kipindi hicho. Anayelipa kwa mwezi anastahili walau notisi ya mwezi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mpangaji asimpangishe mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na inamtaka mwenye nyumba asiinyime idhini hiyo bila sababu ya maana. Kwa hiyo fundi baiskeli alikuwa na notisi ya kumdai yule bwana aliyempokea. Kwa mwenye nyumba hakuwa na kitu, kwa kuwa mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho, na yule bwana hakuwa na zaidi ya mwaka wake mmoja. Mwezi ule mmoja ulitoka katika ubinadamu wa mwenyekiti na katika ule ukimya wa miezi minne.

Ugomvi huu si mpya katika nchi yetu, wala haukuzaliwa machimboni. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo mengi ya watu binafsi na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na za Shirika mwaka 1990. Kodi za nyumba hizo zilikuwa ndogo kuliko za mitaani. Matokeo yake kila mkazi wa Dar es Salaam wa enzi zile anayafahamu: aliyekuwa na mkataba wa Shirika alihamia kwake pembeni ya mji, akamweka mtu mwingine katika fleti kwa kodi mara kadhaa ya ile aliyoilipa yeye. Jina kwenye daftari lilikuwa la mmoja, na sufuria jikoni zilikuwa za mwingine.

Kwa nyumba za watu binafsi palikuwapo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza yake ya nyumba. Kumpangisha mtu mwingine bila idhini ilikuwa mojawapo ya sababu ambazo mwenye nyumba angeweza kuzitoa ili arudishiwe nyumba yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na mambo ya pango yakaachiwa Sheria ya Ardhi na maafikiano ya watu wenyewe. Wakubwa wenye wanasheria wanaafikiana kwa kurasa kumi na mbili. Sisi wa Katoro tunaafikiana kwa kupeana ufunguo.

Njia ya kudai haki nayo ina ngazi zake. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka Mabaraza ya Kata na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena nani ameshinda. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa kwa siku 30 mtu huenda Baraza la Wilaya. Hesabu hiyo nzuri kwa mwenye kiwanja haimsaidii sana mtu ambaye godoro lake liko nje na mawingu yamekusanyika. Kabla hajafika ngazi ya pili amekwisha kuhama mji.

Lakini nisije nikamfanya mtu aliyejishikiza kuwa malaika. Nimeona pia kinyume chake, hasa kwenye fremu za biashara. Mama mmoja alikuwa amepanga fremu karibu na soko, akauza vitenge humo miaka mitano. Wakati ule alilipa kilemba ili aipate, kisha akaweka rafu, akavuta umeme, akapaka rangi. Biashara ilipopungua alimkaribisha binti auze vifaa vya simu upande mmoja, wachangie kodi. Haukupita muda binti alimwendea mwenye fremu nyuma ya mgongo wa mama, akaahidi kodi kubwa zaidi kwa mwaka mzima mkononi. Mkataba wa mama ulipokwisha hakupewa mwingine. Alitoka na vitenge vyake, rafu zikabaki ukutani na rangi ikabaki. Mwenye fremu alisema ni mali yake na anampa amtakaye. Binti alisema biashara ni ushindani. Mama alisema neno moja tu: "Nilimpa kiti, amechukua meza."

Kwa hiyo hofu ya mpangaji mkuu si ya bure. Anamficha aliyejishikiza kwake kwa sababu mbili: anaogopa mwenye nyumba atamfukuza kwa kuvunja masharti, na anaogopa mwenye nyumba na mgeni wakijuana watamruka yeye aliye katikati. Naye mwenye nyumba huogopa kuzidiwa na watu: choo kilichochimbwa kwa ajili ya familia sita sasa kinatumiwa na watu thelathini, kisha tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, wapangaji wanaanza kugombana ni nani aliyenunua umeme mara ya mwisho na nani aliyeikuta hiyo kodi. Kila mmoja anamficha mwenzake kitu. Tatizo zima, kwa maoni yangu, limo humo katika kufichana.

Hili linanishangaza zaidi kwa sababu watu hawa hawa, wakishuka chini ya ardhi, wanajua kabisa namna ya kupanga haki moja juu ya nyingine. Machimboni yupo mwenye leseni, ambaye jina lake ndilo liko Serikalini. Chini yake yupo mwenye duara, anayegharimia uchimbaji. Chini yake wapo wachimbaji wanaoingia shimoni. Wachimbaji hawana leseni, na wengi hawajawahi kuiona. Hata hivyo, kabla ya kuanza kazi, mgawo wa mifuko ya mawe huwa umeshajulikana: huyu kiasi hiki, yule kiasi kile. Hutokea dhuluma, tena nyingi, lakini hakuna atakayesimama na kusema kwamba mtu wa shimoni hana fungu lolote kwa kuwa hayumo kwenye leseni. Angesema hivyo, shimo lisingepata mtu wa kuliingia. Mbona tukipanda juu, kwenye vyumba, tunasahau elimu hiyo?

Pwani nako wana mfano wao. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, kwa miaka mingi pamekuwa na utaratibu wa nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya mmoja, nyumba iliyosimama juu yake ni ya mwingine anayelipia kiwanja, na vyumbani mna wapangaji wanaomlipa mwenye nyumba. Utaratibu huo umekuwa na mashaka yake, hasa mwenye ardhi anapoamua kuuza. Ila umetuonyesha kwamba watu wa tabaka tatu wanaweza kukaa juu ya kipande kimoja cha nchi vizazi kwa vizazi, alimradi kila mmoja ajue nani yuko juu yake na nani yuko chini yake.

Basi mimi ningependa mambo machache, wala hayahitaji Bunge. Kwanza, mtu asikae nyumbani kwa mtu bila kutajwa. Mpangaji anayemkaribisha mwingine ampeleke kwa mwenye nyumba siku ya kwanza, na jina liandikwe kwenye daftari la mjumbe pamoja na tarehe. Pili, fedha inayopokelewa iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari la shule, na iandikwe ni ya mwezi gani. Tatu, mwenye nyumba aliyemwona mtu miezi minne akanyamaza asijifanye siku ya mia na ishirini kwamba ameona mwizi. Ukimya wake ulikuwa kama idhini, ingawa sheria inataka maandishi. Nne, anayepokea kodi kwa mgeni ajue kwamba amekuwa mwenye nyumba wake: akiondoka bila taarifa, amemwibia. Na tano, mgeni aliyekaribishwa asimruke mwenyeji wake. Akitaka chumba au fremu, aseme mbele ya wote watatu.

Najua wapo watakaoniambia kwamba daftari haliwezi kumzuia mtu mwenye roho mbaya. Ni kweli. Lakini wengi wa watu niliowaona wakigombana milangoni hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa watu watatu wenye mahitaji matatu ya haki: mmoja akitaka kodi ya nyumba aliyoijenga kwa jasho, mmoja akitaka asipoteze alichokwisha kulipa, na mmoja akitaka mahali pa kulaza kichwa. Daftari lingewatosha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katoro tumekwisha kumpa mgeni jembe, sururu na hata duka la kuuzia, naye analima na kuchimba na kuuza, na mji unakua kwa nguvu zake. Tulichobakiza kumpa ni jina lake kwenye ukurasa wa daftari, ili siku ya ugomvi mtu asije akalazimika kuhesabu spana zake mbele ya watu.